Pengo la Kipato Lina Sababu Zake: Somo Kutoka Sura Al-Hashr na Ardhi ya Buganda



Kila sifa njema ni ya Allah, Mola wa walimwengu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu wanafunzi, somo hili lilianza na daftari. Kwa miaka mitatu nimekuwa katika kamati ya jumuiya yetu inayogawa futari kwa familia zinazoishi jirani na chuo. Ramadhani iliyopita nilipewa kazi ya kuandika orodha upya, nikaweka daftari la mwaka huo kando ya madaftari ya miaka miwili ya nyuma. Majina yalikuwa karibu yale yale. Aliyepokea mchele, sukari na tende nilipokuwa mwaka wa kwanza, alipokea tena nilipokuwa mwaka wa tatu. Sikuona hata mmoja aliyehama kutoka upande wa wapokeaji kwenda upande wa watoaji.

Mmoja wao ni mama mjane anayeuza chapati asubuhi. Nilipompelekea mfuko wake alishukuru, akatuombea dua, kisha akasema, "Mwanangu, chakula mnaleta, Allah awalipe. Lakini kodi ya chumba imepanda tena." Njiani nikapiga hesabu. Nyongeza ya kodi kwa mwaka ilizidi thamani ya mfuko tuliompa. Na mwenye nyumba ile ni ndugu yetu Muislamu, mtu wa swala ya jamaa, mmoja wa wanaochangia futari yetu kila mwaka.

Sisemi hili kumsengenya. Hajavunja sheria ya nchi, na zaka yake anaitoa. Lakini swali lilinikaa kifuani: ikiwa tajiri anatoa na maskini anapokea, mbona pengo baina yao halipungui? Nikaanza kusoma, kwanza katika vitabu vya somo langu, kisha katika historia ya nchi hii tunayosomea. Niliyoyapata ndiyo haya ninayowaletea.

1. Umaskini na pengo si kitu kimoja

Tuanze kwa kuelewana maneno. Umaskini ni mtu kukosa mahitaji yake: chakula, makazi, matibabu, elimu. Pengo la kipato ni umbali uliopo baina ya aliye juu na aliye chini. Umaskini unaweza kupungua huku pengo likizidi kupanuka, na Uganda ni shahidi.

Mwaka 1992, kwa takwimu za serikali, takriban asilimia 56 ya wananchi walikuwa chini ya mstari wa umaskini. Kufikia mwaka 2000 walikuwa wamebaki takriban asilimia 34. Hayo ni mafanikio makubwa, na mwenye insafu hawezi kuyakana. Lakini tazama kipimo kingine. Wachumi hupima pengo kwa namba inayoitwa Gini, inayoanzia 0, ambapo watu wote wana sawa, hadi 1, ambapo mtu mmoja anamiliki kila kitu. Hapa Uganda kipimo hicho hutokana na matumizi ya kaya, kwa sababu wakulima wengi hawana mshahara wa kuandikwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Gini ya Uganda ilikuwa takriban 0.36. Mwaka 2003 ilikuwa imefika takriban 0.43. Tangu hapo inapanda na kushuka, lakini haijarudi ilikoanzia.

Maana yake, wengi walipanda ngazi moja, na wachache walipanda ngazi tano. Ndiyo sababu anayehubiri juu ya umaskini peke yake anaacha nusu ya habari.

2. Je, pengo hujiziba lenyewe?

Wapo wanaosema tuwe na subira. Hoja yao ina asili ya kitaalamu. Mwaka 1955 mchumi Simon Kuznets wa Marekani alitoa nadharia kwamba nchi inapoanza kuendelea pengo hupanuka, kwa sababu wanaohamia mijini na viwandani hupata zaidi ya waliobaki shambani. Baadaye, wengi wanapokuwa wameingia katika kazi mpya, pengo hupungua. Ukilichora kwenye karatasi, linapanda kama kilima kisha linashuka. Kuznets mwenyewe alikuwa mkweli. Alikiri kwamba sehemu kubwa mno ya andiko lake ilikuwa makisio, na takwimu zilikuwa chache. Waliokuja baada yake ndio waliogeuza makisio yake kuwa kama kanuni.

Historia ya Marekani yenyewe imeipinga kanuni hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1920, asilimia 10 ya watu wa juu kabisa walichukua karibu nusu ya kipato chote cha nchi. Baada ya Vita Kuu ya Pili sehemu yao ilishuka hadi takriban theluthi moja. Tangu miaka ya 1980 ikaanza kupanda tena, ikarudi karibu na nusu. Kama pengo lingekuwa linajiziba lenyewe, lisingefunguka mara ya pili.

Kilichobadilika ni maamuzi. Katika miaka ya 1950 kiwango cha juu cha ushuru wa serikali juu ya mapato makubwa kilizidi asilimia 90, na vyama vya wafanyakazi vilikuwa na nguvu. Kufikia mwaka 1988 kiwango hicho kilikuwa kimeshushwa hadi asilimia 28, na vyama vimedhoofika. Brazili nayo, iliyokuwa miongoni mwa nchi zenye pengo kubwa duniani, ilishuhudia pengo likipungua kwa miaka kadhaa baada ya mwaka 2000. Kima cha chini cha mshahara kilipandishwa, watoto wengi zaidi wakasoma, na familia maskini zikaanza kupewa ruzuku kwa sharti la watoto kwenda shule.

Basi pengo ni kama mto wenye mabwawa. Maji hufuata mteremko, lakini nani alijenga bwawa na wapi, hilo ni suala la watu.

3. Aya ya saba ya Al-Hashr

Sisi Waislamu tungelijua hili mapema zaidi kuliko wachumi. Katika Sura Al-Hashr, aya ya 7, Allah (s.w.) anaeleza namna ya kugawa mali ya fai, yaani mali iliyopatikana bila vita, kisha anataja sababu ya mgawanyo huo: mali isiwe inazunguka baina ya matajiri peke yao. Mara nyingi tunaisikia aya hii kwenye hotuba za zaka. Lakini aya haikushuka kwa ajili ya zaka. Ilishuka baada ya Banu Nadhir kuondoka Madina mwaka wa 4 Hijria na kuacha mashamba ya mitende.

Tazama alichofanya Mtume (s.a.w.). Muhajirina walikuwa wameacha mali zao Makka na walikuwa wakila kutokana na mashamba ya Ansari. Hiyo ilikuwa takrima kubwa ya Ansari, lakini mgeni aliyekaa miaka mitatu bila shamba lake bado ni mgeni. Wanazuoni wa sira wanasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) aliwagawia ardhi ile Muhajirina, na katika Ansari akawapa wachache tu waliokuwa wahitaji, akiwemo Abu Dujana na Sahl bin Hunayf. Hakuwapa Muhajirina tende za kula siku ile. Aliwapa mitende. Kuanzia hapo wakawa na kipato chao, na mzigo ukawapungukia Ansari.

Hapa ndipo nilipopata jibu la kwanza la swali langu. Pengo la kipato hufuata umiliki wa kile kinachozaa kipato. Ukimpa mtu matunda, umeziba njaa ya leo. Ukimpa mti, umebadilisha nafasi yake.

Sayyidna Umar (r.a.) aliielewa aya hii hivyo hivyo. Iraq ilipofunguliwa, baadhi ya masahaba, akiwemo Bilal (r.a.), walitaka mashamba ya Sawad wagawiwe wapiganaji kama ngawira. Madai yao yalikuwa na msingi, kwani ardhi ya Khaybar iliwahi kugawiwa. Umar akakataa. Abu Yusuf, katika Kitab al-Kharaj, anasimulia kwamba Umar aliwaita watu kumi katika wakubwa wa Ansari awashauri. Akasoma aya hizi za Al-Hashr hadi ile inayowataja watakaokuja baadaye, na hoja yake ilikuwa kwamba ardhi ikigawiwa waliopo leo, watakaozaliwa kesho watakuta imekwisha kurithiwa na wengine. Ardhi ikaachwa mikononi mwa waliokuwa wakiilima, Uthman bin Hunayf akatumwa kuipima, na kharaji yake ikawa mali ya umma.

Lakini somo la Umar lina sehemu ya pili, nayo tunaisoma kwa haraka mno. Fedha zilipoingia Madina, Abu Bakr (r.a.) alikuwa amezigawa kwa usawa. Umar alipoanzisha diwani, aliona si haki aliyepigana pamoja na Mtume (s.a.w.) alingane na aliyepigana naye, basi akaweka madaraja. Waliopigana Badr walipata dirhamu 5,000 kwa mwaka, na waliochelewa kusilimu walipata mia chache. Nia ilikuwa njema na hoja ilikuwa na uzito. Lakini mwenye 5,000 hula, akabakiwa, akanunua mali, na mali ikazaa mali. Imepokewa kwamba karibu na mwisho wa uhai wake Umar alisema akiishi hadi mwaka unaofuata atawaunganisha wa mwisho na wa kwanza wapate sawa. Hakuishi. Ali (r.a.) alipotawala alirudia mgawanyo wa usawa.

Jambo hili linanitia adabu kila nikilisoma. Kiongozi mwadilifu kuliko sote alipanga jambo kwa nia safi, akaona matunda yake, akataka kulirekebisha. Sisi ni nani tudhani mipango yetu haihitaji kutazamwa upya?

4. Ardhi ya Buganda

Tuje sasa hapa tulipo. Wengi wetu tunaotoka nje ya Uganda tumefika Kampala na kusikia maneno mailo na kibanja bila kujua yametoka wapi. Ukiyaelewa haya mawili umeelewa nusu ya habari ya pengo la kipato katika eneo hili.

Tarehe 10 Machi 1900 Waingereza, wakiwakilishwa na Harry Johnston, walitiliana saini mkataba na mawakala wa Kabaka, ambaye alikuwa bado mtoto. Kabla ya hapo ardhi ilikuwa chini ya Kabaka na koo, na chifu alikaa juu ya ardhi kwa cheo chake, akiondolewa cheo anaondoka. Mkataba uligeuza ardhi kuwa mali ya mtu binafsi, ikipimwa kwa maili za mraba, na ndiyo asili ya neno mailo. Kabaka aliandikiwa maili 350. Machifu na wamiliki binafsi wapatao 1,000 walitengewa maili 8,000. Jumuiya tatu za kimisionari zilipata maili 92. Kwa upande wa Waislamu, Mwanamfalme Nuhu Mbogo alipewa maili 24, kwa ajili yake na wafuasi wake.

Mkulima wa kawaida hakuandikiwa kitu. Alilala usiku akiwa mtu wa kijiji chake, akaamka mpangaji juu ya ardhi ya mtu. Sehemu yake ndiyo iitwayo kibanja.

Miaka michache baadaye pamba ikaingia na bei yake ikawa nzuri. Hapo pengo likaanza kujipanua. Mkulima alilima, na mwenye mailo alidai vitu viwili: busuulu, ambayo ni kodi ya ardhi, na envujjo, ambayo ni fungu la mazao. Kadiri pamba ilivyopata bei, ndivyo madai yalivyozidi. Malalamiko yakawa makubwa hadi serikali ya kikoloni ikaogopa kwamba wakulima wataacha pamba. Mwaka 1928 ikapitishwa sheria ya busuulu na envujjo, ikaweka kikomo cha kodi, takriban shilingi 10 kwa mwaka, na ikazuia mkulima kufukuzwa ovyo. Kwa kuwa shilingi 10 ilibaki shilingi 10 huku bei za vitu zikipanda, baada ya miongo kadhaa kodi ile ikawa kama si kitu. Mkulima wa kibanja akaanza kujenga nyumba ya bati na kumsomesha mtoto.

Angalia: karatasi moja ya mwaka 1900 ilifungua pengo, na karatasi nyingine ya mwaka 1928 ikalibana. Mvua ilikuwa ile ile na udongo ule ule.

Ardhi haikuwa mti pekee uzaao kipato. Shule ilikuwa mti wa pili. Shule za mwanzo zilikuwa za wamisionari, na wazee wetu wengi waliogopa watoto wasije wakabatizwa. Woga wao ulikuwa na sababu. Lakini ofisi za serikali zilipofunguliwa, karani alitafutwa miongoni mwa waliosoma, na Waislamu wengi wakabaki katika uchinjaji, udereva na biashara ndogo. Hizo ni kazi za halali na za heshima, ila mshahara wa kudumu na cheo vilikwenda kwingine, na watoto wa wenye vyeo wakasoma zaidi kuliko watoto wa wachinjaji. Hivyo ndivyo pengo linavyorithiwa.

Aliyeona hatari hii ni Mwanamfalme Badru Kakungulu, mtoto wa Nuhu Mbogo. Alitoa ardhi yake katika kilima cha Kibuli, na leo juu ya kilima kile upo msikiti, zipo shule na ipo hospitali. Ile ardhi iliyotolewa na mkataba wa kikoloni kwa wachache, mmoja wa warithi wake aliigeuza kuwa mti wa watu wengi. Sijui mfano bora zaidi wa aya ya Al-Hashr katika nchi hii.

Lakini kuhamisha mali peke yake hakutoshi. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke, na miongoni mwao walikuwemo Waislamu wenzetu wengi. Ilisemwa kwamba uchumi unarudishwa kwa wananchi. Maduka, viwanda na nyumba viliingia mikononi mwa askari na watu waliokuwa karibu na watawala. Watu wakawabandika jina la Kiswahili, mafuta mingi. Baadhi yao walikuwa Waislamu, na tusione haya kulisema hilo. Mali ilizunguka, lakini ilizunguka kutoka tajiri mmoja kwenda kwa tajiri mwingine, tena kwa dhulma. Bidhaa zikaadimika, na maskini akabaki alipokuwa, au chini zaidi. Uadilifu wa njia ni sehemu ya lengo.

Tukifika miaka ya 1990, tunarudi kwenye zile namba za mwanzo. Ukiritimba wa serikali katika kununua kahawa uliondolewa. Kisha mwaka 1994 baridi kali iliharibu kahawa ya Brazili, bei ya dunia ikaruka, na safari hii mkulima alipata fungu kubwa la bei hiyo. Umaskini ukashuka. Mwaka 1997 elimu ya msingi bila ada ilianza, na wanafunzi wa shule za msingi wakaongezeka kutoka takriban milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5. Kwa nini basi pengo lilipanuka? Kwa sababu ukuaji mkubwa ulikuwa mijini, na uliwafaidi zaidi waliokuwa tayari na elimu ya juu, mtaji au kiwanja. Na kaskazini, watu wengi walikuwa katika kambi za wakimbizi wa ndani kwa sababu ya vita, mbali na mashamba yao. Mwaka 2006, zaidi ya nusu ya watu wa kaskazini walikuwa bado maskini. Vita vilipotulia na watu kurudi vijijini, hali yao ilianza kuwa nafuu. Amani nayo ni rasilimali.

Kwa muhtasari, nimeona vitu vitano vinavyosogeza pengo: nani anamiliki ardhi na mtaji, nani anasoma, sheria inampa nguvu nani baina ya mwenye mali na mpangaji au mwajiriwa, bei ya zao linaloshikwa na wengi, na vita au amani.

5. Zaka inafika wapi?

Mtu atauliza, na zaka je? Zaka ni nguzo, na hakuna mjadala. Lakini tuipige hesabu tuone inafanya nini.

Chukua mfano wa kubuni. Mfanyabiashara ana mtaji wa shilingi milioni 100, unakua kwa asilimia 10 kila mwaka, na kila mwaka anatoa zaka asilimia 2.5. Baada ya miaka 10 mtaji wake, zaka ikiwa imekwisha kutolewa kikamilifu, utakuwa karibu milioni 201. Mwajiriwa wake anaongezewa mshahara asilimia 3 kila mwaka. Baada ya miaka 10, aliyekuwa akipata 100 anapata 134. Tajiri hakudhulumu, na zaka imetoka yote. Bado pengo limepanuka. Mchumi wa Ufaransa Thomas Piketty alipata umaarufu mwaka 2013 kwa kitabu kinachoeleza jambo hili hili kwa takwimu za nchi nyingi: mapato ya mtaji yakikua kwa kasi kuliko uchumi mzima, mali hujikusanya juu.

Na hapo hatujagusa nyumba za kupangisha. Kwa jumhuri ya mafaqihi, jengo lenyewe halina zaka. Zaka ni juu ya fedha ya kodi ikikaa mwaka na kufika nisabu. Sheikh Yusuf al-Qaradawi katika Fiqh az-Zakat ameona mapato ya majengo na viwanda yafananishwe na mazao ya shamba na yatolewe zaka yake. Suala hili lina khilafu, na ni vizuri tulidurusu.

Hili halina maana kwamba zaka imepungua. Maana yake ni kwamba sheria ya Allah haikuibebesha zaka peke yake kazi yote. Pembeni yake ipo mirathi, inayovunja mali kubwa kila kizazi. Ipo waqfu, inayoitoa mali sokoni na kuifanya ya wote. Upo ukatazo wa riba, wa kuhodhi bidhaa na wa kumpunja mwajiriwa. Na ipo mamlaka ya kiongozi kama aliyoitumia Umar. Tukichukua zaka tukaacha mengine, tunapiga makasia ya upande mmoja, na mtumbwi unazunguka pale pale.

Tujihoji juu ya mirathi. Ni familia ngapi za Kiislamu tunazozijua ambamo baba akifa, kaka wanagawana shamba na dada wanaambiwa wao wataolewa? Aya za 11 na 12 za Sura An-Nisaa ziko wazi. Anayemnyima dada yake fungu lake amepanua pengo kwa mkono wake, ndani ya nyumba yake, na asilaumu mkoloni.

6. Turudi kwenye daftari

Nilipomaliza kusoma nilirudi kwa wenzangu wa kamati na hoja moja kutoka madhehebu yetu ya Shafii. Imam an-Nawawi, katika al-Majmu', ameeleza kwamba maskini mwenye ufundi apewe katika zaka kinachonunua zana zake, na mwenye kujua biashara apewe mtaji wa biashara yake, ili atoke katika uhitaji. Sisi tulikuwa tukigawa kidogo kidogo kwa watu wengi, kila mwaka, milele.

Hatukukubaliana mara moja. Dada mmoja katika kamati aliuliza swali zito: tukiwapa mtaji watu watano, wale wengine wafuturu nini? Sikuwa na jibu jepesi, na sidhani lipo. Tuliafikiana kwamba futari itoke katika sadaka, na fungu la zaka litafutiwe watu wachache kwa zamu, likiwa zana, mtaji au ada ya mtihani. Yule mama wa chapati alikuwa wa kwanza. Hakuomba unga. Aliomba meza ya kufungika na jiko kubwa la mkaa, ili auze hadi jioni.

Kuhusu kodi, wazee wawili wa msikiti walikwenda kuzungumza na ndugu yetu mwenye nyumba. Alikubali kutopandisha kwa mwaka mmoja. Nashukuru, na Allah amlipe. Lakini mwaka mmoja ni ihsani ya mtu, na ihsani ya mtu huisha na mtu. Mkulima wa mwaka 1928 hakuokolewa na ihsani. Aliokolewa na kanuni iliyoandikwa. Ndugu zangu mnaosoma sheria, uchumi, ardhi na takwimu, hapo ndipo zamu yenu inapoanza. Kesho baadhi yenu mtakaa mezani zinapoandikwa karatasi kama zile mbili. Mkifika hapo mkumbuke aya ya saba ya Al-Hashr, na mjiulize kama Umar: wale ambao bado hawajazaliwa tumewaachia nini?

Maswali ya halaka

1. Kuna tofauti gani baina ya kupunguza umaskini na kupunguza pengo la kipato? Toa mfano wa wilaya unakotoka.
2. Kwa nini Umar (r.a.) hakuigawa ardhi ya Sawad, na kwa nini alitaka kubadilisha mpango wa diwani?
3. Linganisha ardhi ya Kibuli na mali za mwaka 1972. Zote zilibadilisha mikono. Nini kilifanya matokeo yatofautiane?
4. Katika jumuiya yetu, zaka na sadaka zinazokusanywa zinawapa watu matunda au zinawapa miti?

Nikiwa nimepatia, ni kwa tawfiki ya Allah. Nikiwa nimekosea, ni kwa upungufu wangu, na mwenye elimu zaidi anisahihishe. Tunamuomba Allah atupe mali ya halali, atuondolee uchoyo wa nafsi zetu, na atujaalie kuwa sababu ya kheri kwa watakaokuja baada yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq, wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.